Jinsi Programu Yangu ya Boti Ilivyopona, Nami Bado Sielewi Vizuri

Jumapili, tarehe kumi na tatu, mwezi wa saba. Kusi limevuma tangu asubuhi, na mvua ndogo ndogo inakuja na kuondoka. Mabati ya kanisa yalipiga kelele hata mchungaji akanyamaza mara mbili akingoja.

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na wale ambao leo hawakunisikia kwa sababu ya mabati. Mchungaji alinipa dakika tano nishuhudie, nami nikasimama, nikaanza katikati, nikarudi mwanzo, nikalia kidogo, nikakaa. Mlipiga makofi, lakini najua hamkuelewa. Nami pia sikujielewa. Ndiyo maana naandika, ili niwawekee kwenye grupu la kanisa. Mkiona nimekosea mahali, niambieni. Shule yangu iliishia darasa la nane huko Kitui, na mambo ya kompyuta nilijifundisha kwa video za bure, hapa kibandani kwangu Mokowe, upande wa bara wa Lamu, ninapochaji simu za watu.

Wengi wenu mnaijua programu yangu ya boti. Kwa wageni nieleze. Boti ya kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate, haina saa yake, saa yake ni maji. Maji yakipwa, pale mkandani, kwenye ule mkondo mwembamba, haipiti. Zamani mtu alikuja asubuhi akaketi juu ya mzigo wake, asijue kama ataondoka saa nne au saa tisa. Mmoja wao ni Bi Rukia, mama mtu mzima wa Pate, anayevuka kila mwezi kuja kupimwa presha. Nilimwona akingoja kurudi, ameketi juani na dawa zake mkononi, nikasema moyoni, hapana, lazima kuna njia.

Basi nikatengeneza. Bwana Athmani, nahodha wa boti ile, ananiambia saa ya kuondoka, naiingiza kwenye simu, na kila aliyeandikishwa anapata habari. Mwenye simu kubwa anaiona kwenye programu, mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, anapata meseji. Hata Bi Rukia na kabambe yake anakuja saa ileile, anapanda, anaenda.

Ninyi ndio mlionichangia kompyuta. Sijasahau! Na siku ile ya kuwekwa wakfu ile kompyuta, nilishika maikrofoni nikasema, mkasikia wote, "Hakuna abiria atakayelipa kwa habari hii, katika jina la Yesu." Hakuna aliyeniomba niahidi. Niliahidi mwenyewe, kwa furaha. Sasa naona mtu asishike maikrofoni akiwa na furaha nyingi.

Kwa sababu, ndugu zangu, kibanda nilijenga mimi lakini uwanja si wangu. Programu inakaa kwenye mtambo wa kampuni moja ya ng'ambo, na kwa miaka miwili walinikalisha bure. Niseme haki, bure kabisa, hata salamu ya shukrani sikuwahi kuwatumia. Halafu wakabadilisha madaraja ya bei. Daraja la bure wakalibana, likawa la akaunti mia mbili tu. Ukizidi hapo unapanda daraja la pili, la tatu, na bei inapanda nawe. Mimi nilikuwa na akaunti mia saba na kitu. Nikajikuta daraja la tatu, na bei yake kwa mwezi ilishinda kile ambacho mimi na mume wangu, Baba Mwende, tunapata kwa simsim ya shamba letu la Kililana mwezi mzuri.

Walinipa notisi ya miezi miwili. Hilo nalo niseme. Barua yao ilikuja, ndefu, Kiingereza cha kupanda na kushuka, nikasoma aya ya kwanza na ya pili, nikaifunga.

Nikakimbilia kwenye grupu la watengenezaji wa programu. Ni vijana wa Kenya nzima, wengi wananizidi mbali, wananiita Mathee, yaani mama, wa Lamu. Nilikuta moto unawaka! Mmoja anasema wametuzoesha bure ndipo watukamue. Mwingine anasema hama, kuna mtambo mwingine wa bei nafuu. Mwingine akamjibu, "Hama na nini, buda? Nitaandika kazi ya mwaka mzima upya?" Mmoja akasema kampuni nayo inalipa umeme, ina wafanyakazi, na tuliokaa bure ni sisi. Huyo walimtukana mpaka akatoka. Nami nilikuwa mmoja wa waliomtukana. Naandika hivi ili mjue.

Niliandika maneno mengi. Nikasema kampuni imeficha mambo, ni wezi, wanamnyang'anya mama mgonjwa wa presha meseji yake ya boti. Vijana wakafurahi. Wakachukua maneno yangu wakayaweka juu kabisa ya barua ya malalamiko, Mathee wa Lamu na wagonjwa wake wa visiwani, na watu wengi wakatia sahihi. Nilijiona mtu. Baba Mwende aliniuliza, "Lakini hiyo barua yao umeisoma yote?" Nikamwambia yeye aendelee na simsim.

Nikafunga siku tatu kuomba. Niliomba jambo moja tu, Mungu auguse moyo wa mwenye kampuni. Nilitaja na tarehe, maana bei mpya ilikuwa ianze siku ya kwanza ya mwezi. Mbele yangu zilikuwa njia mbili, nizime programu au niwatoze abiria, na zote mbili zinanifanya mwongo mbele yenu na mbele za Mungu. Nilimdokezea Bi Rukia alipokuja kupimwa. Hakukasirika. Alisema, "Basi, mwanangu, nitakaa tena juu ya gunia langu. Nimezoea." Ningependa angenitukana.

Siku zikapita na mwenye kampuni hakuguswa. Au pengine aliguswa, mimi sijui yaliyo moyoni mwa mtu, lakini bei haikuguswa.

Jumamosi moja alasiri, zikiwa zimebaki siku tatu, nilikuwa kibandani na kompyuta nimeifungua nianze kufuta majina. Nilikuwa nafuta jina moja, nasema samahani, nafuta jingine, nasema samahani. Bwana Athmani akaingia kuchaji simu. Aliinama akaangalia kioo. Kwa Kiamu chake ananiita Bi Mwende, akidhani Mwende ni mimi na si binti yangu, na miaka yote hii sijamrekebisha.

"Bi Mwende, huyu Nasri wamtumia habari ya boti?"

"Ndiyo. Si ni abiria wako?"

"Ni mjukuu wa Bi Rukia! Hana meno huyu! Ataisoma na nini?"

Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akaendelea kusoma. "Na huyu? Huyu ni Bi Rukia mwenyewe. Huyu bintiye. Huyu mume wa bintiye. Na huyu nduguye Nasri. Hawa ni wa nyumba moya, Bi Mwende! Watano!"

Nikamwambia kila mtu ana nafsi yake. Ndugu zangu, mnanijua, mimi ndiye ninayeandika kitabu cha wageni hapa kanisani, nami nilifundishwa kwamba mtoto wa mgongoni naye ni nafsi, aandikwe. Nilitengeneza programu kwa mkono uleule. Kila mtu aliyewahi kukanyaga boti ile nilimfungulia akaunti yake, mtoto na mzee, mwenye simu na asiye na simu. Asiye na simu, habari yake inaenda kwa namba ya jamaa yake. Kwa hiyo kabambe ya Bi Rukia ilikuwa ikilia mara tano kwa safari moja! Na hakuwahi kulalamika. Nilimuuliza baadaye, akasema alidhani ndiyo heshima yake.

Bwana Athmani akasema, "Kitabu cha serikali naandika majina yote, hata huyo asiye na meno. Hiyo ni sheria, ndiyo usalama wao. Lakini habari ya kuondoka? Napiga simu moya kwa nyumba moya. Namwambia Bi Rukia mayi ni saa nane, nyumba nzima yatoka na mizigo yake. Babangu akifanya hivyo kabla ya simu, akimtuma mtu mlango moya. Sasa weye wapita kubisha hodi kila kitanda!"

Nikamvutia kiti, nikarudi kwenye jina la kwanza. 

Tulikaa mpaka magharibi ilipokaribia, yeye anataja nyumba, mimi naunganisha. Bi Rukia na watu wake wanne. Mwalimu Shee na watu wake sita. Fundi wa Matondoni, peke yake. Bwana Athmani alitoka kwenda kuswali akarudi, tukaendelea Jumapili baada ya ibada na Jumatatu. Zile mia saba na kitu zikashuka, zikashuka, ndugu zangu, zikafika mia moja na themanini na mbili! Chini ya mstari! Nilipiga vigelegele mle kibandani, mteja mmoja akaacha simu yake akatoka.

Halafu hofu ikaniingia. Je, huu si wizi? Ninaficha watu watano nyuma ya jina moja ili nisilipe? Nilikuwa nimewaita wao wezi, sasa mimi je? Sikupata raha. Mwende, ambaye yuko kidato cha pili, akanisaidia Kiingereza tukawaandikia kampuni yote kama yalivyo, tukasema kama ni kosa watuambie nifunge programu siku hiyohiyo. Alijibu mtu, mtu kweli, na jina lake chini. Akasema wanachohesabu ni akaunti, si watu, na akaunti moja kwa nyumba moja ni sawa kabisa. Akaongeza kwa upole kwamba jambo hilo la kupunguza akaunti zisizo na kazi liliandikwa kwenye barua yao, aya ya tatu, na mfano wake umewekwa.

Aya ya tatu! Mimi niliishia ya pili.

Sasa niambieni, nilikuwa na la kufanya lipi? Nilirudi kwenye grupu. Nikaandika kwamba maneno yangu juu ya kampuni kuficha hayakuwa kweli, kwamba sikuwa nimesoma, na kwamba waondoe jina langu juu ya ile barua. Nikamwomba msamaha yule tuliyemfukuza, ingawa hayupo tena kusoma. Walinichapa! "Mathee umetuacha kwa mataa." "Mathee amenunuliwa." Mmoja akauliza kampuni imenipa ngapi, wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Wawili waliniandikia kando, wakasema nao hawakufika aya ya tatu, na wameshuka daraja.

Lakini kuna kijana mmoja wa Kisumu, programu yake ni ya wakulima, na akaunti zake zote ni watu wa kweli, kila mmoja na simu yake. Yeye hakuwa na cha kuunganisha. Aliizima siku ile ya kwanza ya mwezi. Aliniandikia, "Nimefurahi kwa ajili yako, Mathee," na naamini alimaanisha. Huyo ndiye aliyenivuruga leo pale mbele. Nilipofika kusema "Bwana ameniokoa" nikamwona yeye akilini, nikaanza kulia. Naye anaomba. Pengine ananizidi kuomba. Sijui kwa nini mimi na si yeye, na sitawadanganya kwamba najua. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, na bei ya kampuni pengine nayo ina haki yake. Nimepima huku na huku, mizani yangu haitulii.

Ninachojua ni hiki. Niliomba moyo wa mtu wa mbali uguswe, nikapewa nahodha mwenye simu isiyo na chaji. Nilimwambia Bwana Athmani kwamba Mungu alimtumia. Akasema, "Alhamdulillahi. Lakini mimi nalikuya kuchaji simu." Namwachia hivyo.

Programu iko hai. Hakuna anayelipa. Neno nililolisema mbele yenu limesimama, wala si kwa nguvu zangu, maana nguvu zangu nilizimalizia kwenye matusi. Asante Yesu! Asante kwa Baba Mwende aliyeniuliza swali nikamjibu vibaya. Kama uko hapa na umefungiwa mlango, mtegemee Yeye, ndugu yangu. Usimpangie atakayemtuma. Na kama kuna barua, isome mpaka mwisho. Kijana wa Kisumu mkumbukeni katika maombi ya Jumatano. Sikuandika jina lake hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa, lakini Mungu anamjua.

Bi Rukia alivuka jana. Meseji moja tu ililia, akanipigia kuuliza kama nimemkasirikia. Nilimweleza, akacheka, akampa Bwana Athmani samaki wawili, changu, aniletee.

Jioni hii tumekula muthokoi, mahindi ya kukoboa ya kwetu Kitui, na hao changu, wa kukaanga, mimi na watu wangu wanne.