Historia ya Mama Subiri, Mpanga Ratiba za Treni

Ndugu na jamaa, majirani, na nyinyi wa reli na wa mabasi mliokuja na sare kwa sababu mnarudi zamu, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, familia imenipa jukumu la kusoma historia ya mama yetu, na mjomba amenikumbusha mara mbili, mara ya pili kwa kunibana mkono, kwamba nisome upesi, naye ana haki yake, kwani makaburini kila familia imepangiwa saa, lakini mdogo wetu wa mwisho bado yuko njiani, treni yake imechelewa, na mama hakuwahi maishani mwake kukubali mlango ufungwe mtu akiwa bado anakuja, kwa hiyo mtanivumilia, nitasoma polepole.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako ukuta ulitetemeka kila treni ilipopita, na bibi alikuwa akisema kwamba watoto wengine huamshwa na kelele, huyu wake alilala treni ikipita na kuamka ikichelewa.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao kuanzia mwaka 1964, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1974, akawa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika ushonaji, jambo ambalo babu, fundi cherehani, alilipokea kana kwamba amefiwa, kisha mwaka 1975 akajiunga na chuo cha reli, ambako wasichana walikuwa wawili, mwenzake akaolewa kabla ya mtihani wa kwanza, akabaki peke yake na choo kimoja kilichoandikwa Wanaume, akabandika mlangoni karatasi yenye saa zake na saa zao, na hiyo, kwa ninavyojua, ndiyo ratiba yake ya kwanza, na walioiheshimu wengine wako hapa na mvi zao.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa karani katika ofisi ya mipango ya treni, akapanda hadi kuwa mpanga ratiba mkuu, na kwa msioijua kazi hiyo, ni hivi: unachukua karatasi kubwa, pembeni unaandika stesheni, juu unaandika saa, kila treni inakuwa mstari wa penseli uliolala mshazari, na kwa kuwa reli yetu ni ya njia moja, kila mistari miwili inapokatana lazima pawe na stesheni ya kupishana, yenye njia ya pembeni, ambako treni moja inaingia, inasimama, inaiacha nyingine ipite. Wakubwa walimuuliza kila mwaka reli inaweza kubeba treni ngapi zaidi, naye aliwajibu kila mwaka kwamba wahesabu kwanza wana mahali pangapi pa kusubiri, na kila mwaka waliandika mapendekezo yake yamepokelewa, maana yake yamewekwa kabatini.

Mwaka 1981 alitumwa kwenye stesheni moja ya kupishana kuchunguza kwa nini treni zinachelewa pale, akamkuta msaidizi wa mkuu wa stesheni, kijana mrefu asiyependa kuchunguzwa, ambaye alimwambia, "Dada, mnatuletea treni mbili kwenye njia moja, mnataka tuzirushe?", naye akajibu, "Nataka moja isubiri kwa adabu, na wewe ujifunze kwake." Aliporudi pale kwa uchunguzi wa tatu, ambao ofisi haikuuagiza, hata mpiga kengele alielewa, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1982, na kijana huyo ndiye baba yetu, yule pale mstari wa mbele, ambaye kwa miaka arobaini na mmoja amewaambia watu kwamba alitaka mke akaoa ratiba, halafu akamtengenezea chai ratiba hiyo kila asubuhi.

Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1984, mdogo wangu wa kike mwaka 1987, na kitinda mimba wetu mwaka 1994, ambaye alipitiliza tarehe aliyopewa na mkunga kwa wiki mbili nzima, na jamaa walipoingiwa na hofu mama akasema mwacheni, anapisha wenzake, na tangu hapo kila alipochelewa, shuleni, mezani, hata kwenye mahafali yake mwenyewe, mama ndiye aliyekuwa mtu pekee asiyetazama saa.

Mwaka 2003 lilitokea jambo ambalo wa reli mnalijua, pale uongozi ulipotaka treni ya mbali ipite moja kwa moja bila kusimama, na treni ya asubuhi ya wafanyakazi, ile ya wafagiaji, vibarua na walinzi, iwekwe pembeni kuisubiri. Mama alisimama kikaoni akasema, "Mkubwa akichelewa, kikao kinamsubiri, kibarua akichelewa, anamkuta mwenzake kashika koleo lake," na akakataa kuchora mstari huo, treni ya wafanyakazi ikabaki na haki ya kupita kwanza hadi leo, naye baada ya mwezi akahamishiwa kitengo cha mabasi, kwa lugha ya barua ili kuimarisha uratibu, kwa lugha ya korido ili akome.

Hakukoma, alikwenda kituo cha mabasi kilicho mbele ya stesheni, akaona jinsi basi la mwisho lilivyokuwa likiondoka abiria wa treni wakiwa bado wanavuka uwanja na watoto mgongoni, akapanga kwamba basi lisiwashe injini mpaka mtu wa mwisho ameshuka na kuvuka, na dereva mmoja, ambaye leo ana kazi nitakayoitaja, alimlalamikia, "Mama Subiri, abiria wananitukana!", naye akamwambia, "Waliomo ndani wanakutukana, ukiwaacha wa nje watakulaani, chagua mwanangu." Jina la Mama Subiri walilibuni kumkejeli, yeye akalipenda, akastaafu nalo tarehe 30 Aprili 2017.

Mwishoni mwa mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, ambako mashine ni chache na wagonjwa ni wengi, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshapanga zamu upya, wanaotoka mbali wafuate saa ya basi lao, na muuguzi alipomwambia, "Mama, wewe ni mgonjwa," alimjibu, "Wa figo, si wa akili." Yeye mwenyewe alijiweka wa mwisho. Daktari ametuhakikishia kwamba hilo halikubadilisha chochote, nami nimeamua kumwamini, kwa sababu sijui nitaishije nisipomwamini.

Jumapili iliyopita alipata nafuu, akamwamuru mdogo wetu arudi kazini mkoani, akamwambia nenda, mimi nipo, na Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, alasiri, honi ya treni ilisikika dirishani, mama akafumbua macho akasema, "Waambieni wasubiri, mwanangu anashuka." Hakuwamo katika treni ile. Tulimwambia anakuja, mama, na ulikuwa uongo siku hiyo, naye, aliyejua kila treni na abiria wake, akatuitikia kwa kichwa, akatuachia uongo wetu, akafariki kabla ya treni kuondoka stesheni.

Mdogo wetu alipanda treni ya kwanza aliyopata, na leo asubuhi alinipigia simu kutoka stesheni ile ile aliyofanyia kazi baba, akasema, "Dada, tumesimama, ya wafanyakazi imeharibika mbele, na mpaka ipite sisi hatuondoki," kisha akacheka, kwa sababu wote wawili tulijua nani aliyemsimamisha.

Mjomba, hili hatukukuambia kwa kuwa ungepinga: baba alitoka asubuhi na fimbo yake, akaenda kwa familia iliyopangiwa makaburini baada yetu, watu tusiowajua, wafiwa kama sisi, akawaambia, "Piteni nyinyi kwanza, sisi tuna mtu njiani." Wamepita. Sisi tumeingia pembeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha mashine, na wagonjwa wenzake walioacha zamu zao leo ili waje, hilo msilirudie, atawagombeza, tunawashukuru majirani waliochota maji na kupanga viti, wenzake wa reli, na yule dereva, ambaye wakati nasoma haya amesimamisha basi lake mbele ya stesheni, injini imezimwa, mlango uko wazi, na hakuna abiria ndani anayemtukana.

Mama, ulisubirisha treni na mabasi kwa ajili ya watu usiowajua kwa majina, na leo tunakusubirisha wewe, mara moja tu, kwa ajili ya mmoja uliyemzaa. Anashuka. Mwache avuke uwanja. Kisha pumzika kwa amani, mama yetu, wala usiamke tukichelewa.