Aliyekufa Asimame

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya cherehani ya fundi Muhiddin, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi. Linakaa watu wanne. Wa tano labda awe mbu. Ikifika saa kumi jioni makuli hujitupa hapo kama mizigo waliyoishusha, kila mtu na kikombe cha kahawa ya Sabaha, mwuza kahawa wa kichochoro. Na desturi ya kichochoro hicho haina mjadala: kuli aliyekaa na kikombe amepumzika, haitwi. Aliyesimama yuko kazini, anaitwa, na akikataa leo, kesho ataitwa mwingine. Kitwana, anayejulikana kwa jina la Nondo kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu kimepinda mwilini mwake, siku hiyo aliwahi benchi kuliko wote. Mgongo ulikuwa unawaka moto tangu belo la nne la nguo alilobeba asubuhi. Hakumwambia mtu. Nondo aseme mgongo unauma? Bora apite Kariakoo nzima bila suruali.

Mbele yao, juu ya kigoda, palikuwa na daftari na dadu moja. Mchezo huo aliuleta mpwa wa Muhiddin, akasafiri, akauacha. Muhiddin anasimulia hadithi, wengine wanakuwa watu ndani yake. Ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu. Ikija moja au mbili, umekufa. Kanuni ya mwisho aliiongeza Muhiddin mwenyewe ili watu wasife ovyo: aliyekufa asimame mpaka hadithi iishe.

Ndiyo maana Kamanda Radi, yaani Kitwana, pamoja na Mganga wake Beno na Mpishi wa Jeshi Athanas, walikuwa wiki ya saba nje ya mlango wa ngome ya Sultani. Ndani mlikuwa na mateka mia moja wanaosubiri kuokolewa.

— Kamanda, mlango uko mbele yako, alisema Muhiddin kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Unafanya nini?

— Nausikiliza, alijibu Kitwana.

— Jana si uliusikiliza?

— Jana nilitumia sikio la kushoto.

Athanas akacheka mpaka kahawa ikamwagikia goti.

— Nondo, we muoga! Kamanda gani anazubaa mlangoni kama paka wa bucha?

— Muoga nani? Mimi nimebeba friji peke yangu kutoka Ilala, tena nimefunga!

— Basi fungua mlango.

— Friji halikuwa na Sultani ndani.

Beno akakohoa. Wanamwita Wakili, hata kiatu kikimbana hudai kwanza aonyeshwe kanuni inayokiruhusu.

— Msimwonee Nondo, alisema. Mwenye kosa ni hii kanuni ya kusimama. Wiki ya kwanza haikuwepo, na nani hakurusha? Mimi niliruka ukuta wa ngome kwa mguu mmoja. Nilikufa mara mbili, nikazaliwa upya kahawa haijapoa.

— Ulimbusu chatu, Wakili, alisema Muhiddin.

— Nilikuwa na mpango.

— Mpango wako ulikuwa kuzaliwa tena. Mtu asiyeogopa kufa ananiletea fujo, si hadithi.

— Na anayeogopa anakuletea nini? Wiki saba, fundi! Mateka wameota ndevu humo ndani, hata akina mama.

— Tupeane roho tatu tatu, alidakia Athanas. Shemeji yangu, kijiwe chao cha Ilala, wanacheza hivyo.

— Wamefika wapi? aliuliza Muhiddin.

— Waliisha wote siku moja. Hata Sultani alijirusha dirishani. Naye walimpa tatu.

Sabaha alipita na birika, akawamiminia nusu nusu, akaenda zake.

— Mnaona? alisema Beno, kidole juu. Kanuni ndiyo inamuumba mtu! Samaki wa soko la Feri mwambie kesho anarudi baharini mzima, ataruka mwenyewe mezani kwa dalali adai mnada uanze. Na hawa wa bodaboda, mnadhani wana roho moja? Kuna mtu anawagawia nyingine kwa siri.

— Nani?

— Nafanya utafiti.

— Mimi nasema dadu imeshatuzoea, alisema Athanas. Ukishinda na makuli wiki zote hizo unachoka kama kuli. Hata hii, igeuzeni muione, ina mgongo.

Kusikia neno hilo Kitwana akajinyoosha ghafla, na mgongo ukamjibu. Akauma meno.

— Mbona umekunja uso? aliuliza Athanas.

— Napanga vita.

Ng'ambo ya kichochoro Bi Hamdiya, mwenye duka la vitambaa, alitoka mlangoni. Gari lilikuwa limeleta majora yake. Aliwatazama mmoja mmoja. Wote wamekaa, vikombe mkononi. Akaegemea mlango, akasubiri.

— Leo arushe, alisema Athanas. Asiporusha tunamvua Nondo, tunamwita Uzi.

— Uzi! Beno akadaka. Uzi wa kushikizia!

Kitwana alitazama majora yale garini. Kisha akatazama nyuso za wenzake. Jina alilipata kwa miaka sita ya kubeba. Akaichukua dadu.

— Kamanda Radi anafungua mlango, alisema. Kaeni pembeni, watoto.

Hapo akafika Klara, binti aliyeanza kazi Jumatatu kwenye duka la vifungo, kamletea Muhiddin zipu.

— Shikamoo, fundi.

— Marahaba, mwanangu.

— Mambo zenu, kaka? Mbona kimya hivyo?

— Poa, dada. Huyu anaweza kufa sasa hivi, alisema Athanas.

Wakamweleza mlango, Sultani, moja na mbili.

— Akifa? aliuliza Klara.

— Anasimama.

— Na asipokufa?

— Anabaki amekaa, alisema Muhiddin.

— Si ameshakaa?

Muhiddin akafungua daftari kuitafuta kanuni ya mshindi. Akafunua ukurasa, wa pili, akarudi wa kwanza. Beno alitazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa na machicha.

Dadu ilikuwa imelowa jasho kiganjani mwa Kitwana. Akairudisha kwenye kigoda polepole, bila kuirusha.

— Mgongo unaniuma, alisema. Tangu asubuhi. Siwezi kusimama, jamani.

Alingoja kicheko. Athanas akasogea kumpa nafasi ya kuegemea.

— Nondo! aliita Bi Hamdiya toka ng'ambo, kachoka kusubiri hata akavunja desturi. Majora haya yatalala nje?

Beno akaweka kikombe chini, akainuka, akajipangusa makalio.

— Naja mimi, mama!

— Wakili, ukisimama... alianza Muhiddin.

— Nimekufa, najua, alisema Beno, akivuka. Andika.