Vibao vya Sista Rahabu

Tarehe 30 Juni 1977 Sista Rahabu Tumainieli anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi na ukunga. Kumi na tano aliitumikia hospitali ya misheni kule mlimani, miwili alikuwa Ujerumani, na kumi na nne amekuwa nasi hapa zahanati ya Kisiwani. Bwana Mganga Eliufoo ameniomba niandike wasifu huu wa kugawiwa kwenye sherehe ya kumuaga, kwa sababu miaka yote hiyo kumi na nne nimekuwa mhudumu wake: kuchemsha vifaa, kufua mashuka, kushika mikono ya wanaolia. Mwenye kusoma anisamehe makosa. Herufi nilifundishwa na huyu huyu ninayemwandika, kwenye meza ya kupimia watoto.

Kabla ya sifa niseme jambo ambalo wote tunalijua na kwenye kikao cha maandalizi hakuna aliyelitamka. Sista anaogopa kustaafu. Hana mume, mtoto hakujaliwa, na nyumba ya kaka yake kule Mbaga imefungwa kufuli, wenyewe wako Dar es Salaam. Mwezi wa tatu, tukikunja chachi, aliniambia, "Lukia, uzee siuogopi. Naogopa dirisha." Sisi tuliokaa naye tunajua ni dirisha gani. Asiyejua, itabidi twende naye kwanza Ujerumani.

Mwezi wa kumi 1961 kanisa lilimpeleka kujifunza uuguzi wa kutembelea nyumba, katika mtaa uitwao Volksdorf. Uko pembezoni mwa jiji kubwa la Hamburg, na ni mtaa wa kukaa watu tu: hakuna kiwanda, hakuna bandari, ukitaka kelele unapanda treni uende mjini. Sisi hatujauona, lakini tumesimuliwa hata tunaujua kuliko Same mjini. Kila nyumba ina bustani, kila bustani ina uzio wa miti iliyokatwa sawasawa kama kichwa cha bwana harusi, na kila lango lina kibao cha namba. Miti ya tofaa inazaa hadi matunda yanaanguka njiani na hakuna mtoto wa kuyaokota.

Jumapili ya kwanza alipotoka nje saa saba mchana aliukuta mtaa mzima kimya. Milango imefungwa, hakuna mtoto anayelia, hata jogoo. Akarudi ndani, akajitanda khanga, akamwendea mwenyeji wake Sista Gerda na kumwuliza msiba uko nyumba gani. Kumbe hakuna msiba, jamani. Ndio mapumziko yao ya mchana, na mtu hapigi hata msumari mpaka saa tisa.

Huyo Sista Gerda alikuwa muuguzi wa usharika. Kazi yake ilikuwa kupanda baiskeli na kwenda nyumba hadi nyumba, amwone mama aliyejifungua, amfunge mzee kidonda. Mwenzetu alikuwa na miaka thelathini na tisa na baiskeli hajaigusa. Siku ya tatu ya kujifunza aliingia nayo moja kwa moja kwenye uzio wa mtu. Mwenye nyumba akatoka mbio, akautazama kwanza uzio, akaupapasa, ndipo akamtazama yeye. Sista akisimulia hapo huwa anasema, "Nami nikautazama uzio pamoja naye, ili asijione yuko peke yake kwenye maombolezo."

Uhuru wetu ulimkuta huko huko. Tarehe 9 Desemba ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Volksdorf kila mtu hufagia mbele ya lango lake. Sista akafagia la kwao, akapitiliza la jirani, akaenda la jirani wa jirani, furaha haimwachi. Mzee mmoja akatoka kuuliza kulikoni. Akamjibu, kwa Kijerumani chake cha miezi miwili, kwamba leo nchi yake imekuwa huru. Mzee akavua kofia, akaingia ndani, akatoka na ufagio wake, wakafagia wote wawili mpaka mwisho wa barabara. Sherehe ya Uhuru kama hiyo sijasikia nyingine.

Sasa dirisha. Nyumba namba 18 alikaa Bibi Petersen, mjane, mwanawe wa pekee alifia vitani. Alikuwa na kidonda mguuni, na Sista alikwenda kukifunga kila Jumatatu. Nyumba nzuri, joto la kutosha, chakula kipo. Lakini kila alipofika alikuta vikombe viwili mezani na Bibi ameketi dirishani akilitazama lango. Sista akadhani vinawekwa kwa ajili yake. Siku moja alipita Alhamisi, siku isiyo yake, akavikuta vilevile viwili. Ndipo akajua Bibi huvipanga kila siku, mtu aje asije. Majirani walikuwa wema, na uzio wa kila mmoja ulikuwa umekatwa vizuri. Ila kugonga mlango wa mtu bila kualikwa si desturi ya mtaa ule.

Mwisho wa 1963, siku ya kuagana, Bibi alikuwa amefungua kibao cha lango lake la nyuma, bati la buluu lenye namba nyeupe, akampa. Alisema, "Chukua. Huku nyuma hapiti mtu tena." Kibao hicho kiko ndani ya sanduku la Sista hadi leo. Hajakipigilia popote.

Aliporudi alipangiwa Kisiwani. Watoto wetu wakati ule walikufa sana katika siku kumi za kwanza, mama yuko ndani peke yake, homa inapanda, zahanati iko mbali. Sista akasema atafanya kama Volksdorf: kila mama mjamzito apewe namba mlangoni, na kila aliyejifungua atembelewe ndani ya siku tatu. Fundi Eliezeri akapasua masanduku ya chai, akapaka rangi iliyobaki ya madirisha ya kanisa. Alipofika kumi na saba Sista akamwambia aruke aandike kumi na tisa.

"Kumi na nane ina mkosi?" Eliezeri akauliza.

"Hapana, fundi. Ina mwenyewe."

Kazi ikaanza vizuri, na baada ya hapo ikaharibika kwa namna ambayo Wajerumani wasingeiweza. Nyumba zetu hazikai. Msimu wa mpunga watu wanahamia dungu la shambani, wakata mkonge wanafuata kazi, wafugaji wanafuata majani, na kila aliyehama aling'oa kibao chake akaondoka nacho, kwa sababu kapewa yeye. Mwaka 1966 Sista alipiga baiskeli nusu siku kumtafuta Naisiae, namba 31, mimba yake ya miezi minane. Akakuta boma tupu na majivu. Alirudi amechoka. Kesho yake asubuhi punda akapita mbele ya zahanati na madumu ya maji, shingoni amening'iniza kibao. Thelathini na moja.

Sista alitoka nje na glavu mkononi. "Naisiae! Namba ni ya nyumba!"

Naisiae alikuwa nyuma ya punda, tumbo mbele, hana haraka. "Nyumba haikushika mimba, Sista. Niliyeshika ni mimi."

Wagonjwa wote kwenye benchi waligeuza shingo kuona itakuwaje. Sista akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. Tangu siku ile akabadilisha daftari lote. Namba ikawa ya mama na inahama naye. Ukihama unatuma neno, fulani namba fulani yuko mahali fulani. Alimwandikia Sista Gerda kuwa kule nyumba zinabaki na watu wanapita, huku watu wanabaki na nyumba zinapita. Mtoto wa Naisiae alizaliwa salama na akaitwa Nenkai. Yumo humu ndani pamoja nasi, yuko darasa la nne.

Ndipo likaja jambo la 1974, kuhamia kijijini. Tulifika tukiwa na masufuria, kuku, na kila mama na kibao chake kichwani. Nyumba zikapangwa kwa mistari, nzuri kweli, Sista akasema mistari ile inamkumbusha Volksdorf isipokuwa uzio na tofaa. Lakini mlango wa kwanza namba 12, unaofuata 77, unaofuata 31. Ndugu mmoja aliyekuja na karatasi ya kuhesabu nyumba alizunguka hadi kichwa kikamwuma, akaamuru vibao vyote ving'olewe viandikwe upya kwa mfuatano. Sisi wenye watoto wachanga tulishikwa na hofu. Sista akampa kiti, akampa maji, akamwambia kwa adabu, "Ndugu yangu, zako ni za nyumba, zangu ni za watu. Weka zako kushoto mwa mlango, niachie kulia." Mgeni anayeshangaa kwa nini milango yetu ina namba mbili, sasa amepata jibu. Mwaka ule wa kuhama, wakati watu walipotezana, kila mama mwenye kibao alipatikana kabla ya siku zake.

Vibao vimefika mia nne na sita. Daftari lipo mezani, mwenye kutaka atazame. Hapo ndani kuna mama mmoja, namba saba, aliyetuma watu kumwita Sista mara kumi na moja kwa mtoto mmoja: amepiga chafya, amelala sana, amelala kidogo, kisigino kimoja kina joto kuliko kingine. Sista alikuja mara zote kumi na moja. Ya kumi na mbili mama alikwenda mwenyewe kumwambia hakuna kitu, na Sista akaogopa akadhani kuna kitu. Jina la mama huyo silitaji, ila mtoto ni Rubeni wangu, na sasa yuko darasa la sita.

Sijamaliza. Mwaka 1969 barua ilitoka kwa Sista Gerda kwamba Bibi Petersen amelala usingizi wa mwisho. Sista alisoma, akaikunja, akaenda kupima watoto. Daftarini, kati ya kumi na saba na kumi na tisa, pakabaki wazi vilevile.

Wiki iliyopita wanawake tulikutana barazani kujadili zawadi. Mmoja akasema vitenge, mwingine akasema blanketi zito, Mbaga kuna baridi. Wengi tukapiga makofi kwa blanketi. Naisiae hakupiga.

"Mnampa blanketi ili akajifungie vizuri?" akasema. "Sisi tulipozaa tulipewa blanketi au tuligongewa mlango?"

Mama wa namba 12 akamjibu, "Haya, Naisiae, wewe unataka tumpe nini, punda?"

"Mpeni namba."

Jamani, tuliona haya. Miaka kumi na nne ametupa namba sote, naye hana.

Kwa hiyo, Sista Rahabu, ukiwa unasoma hapa usigeuke kutazama. Kiko nyuma ya kiti cha Mwenyekiti wa kijiji, kimefunikwa khanga. Fundi Eliezeri macho yamepungua, lakini alikataa mtu mwingine asikishike. Si cha sanduku la chai, ni cha mbao nzuri ya mkangazi, na kimeandikwa 18. Ukiona namba hiyo si halali yako, tuambie ni ya nani sasa.

Kijiji kimekupa kiwanja mstari wa pili, karibu na bomba, na vijana wameahidi matofali. Ukipenda kukaa hapa, kibao kitapigiliwa kulia mwa mlango. Ukiamua kupanda Mbaga, kitapanda nawe, kwa sababu ni wewe uliyekubali kwamba namba inahama na mtu. Hatutakulazimisha. Zamu ya kukutembelea imeandikwa kwa mwaka mzima, na kila jina lilipoandikwa mwenyewe aliulizwa: hata Mbaga? Kila mmoja alijibu hata Mbaga. Naisiae ameuliza kama punda anaruhusiwa. Wenye mimba watapangiwa siku utakazoshuka wewe.

Tunakushukuru kwa siku tatu tatu za kila mmoja wetu. Tunakushukuru kwa mikono yako, na kwa kutokuchoka na mama waoga. Mungu akupe afya, akupe mvua kwenye bustani yako, na mti wa tofaa kama utakubali kuota kwenye joto hili. Uishi miaka mingi kwa raha, Sista wetu.

Zamu inaanza Jumatatu, tarehe 4 Julai. Ilikuwa ya mwenye namba moja, nimebadilishana naye kwa sababu kusubiri hadi ya saba nisingeweza. Nitagonga bila kualikwa. Panga vikombe viwili.

Lukia, mama Rubeni, namba 7
Mhudumu, Zahanati ya Kisiwani