Leonia Aliyetusikia Tukimwosha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya. Masheikh, mapadre na wachungaji mlioketi nasi. Wazee wetu, shikamooni.

KARIBU

Sisi walina asali wa Kikundi cha Nguvumoja, hapa Ipole, tunakupokea kwa mikono miwili. Umekuja kutufungulia banda la kuchujia asali, nasi tunashukuru. Lakini utuvumilie, kwani risala hii haihusu sana asali.

TULIKOTOKA

Babu zetu waliwauzia nta na asali wapagazi wa misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji. Mpaka leo msitu ndio shamba letu. Mizinga tunaitundika mitini; ikianguka, panya huhamia humo, na nyoka huwafuata.

MAFANIKIO

Fanikio letu kubwa mwaka huu ni kwamba mwenzetu Leonia yu hai. Ndiye yule mwenye kitenge cha bluu.

Wakati wa kurina, aliinua mzinga ulioanguka, swila akamuuma mkononi. Tulipomfikisha zahanati kope zilikuwa zimeshuka na ulimi umekuwa mzito. Muuguzi hakuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Akasema, "Mkimbizeni hospitali." Njiani Leonia akalegea kabisa. Mumewe, Mathias, akamwekea sikio kifuani, asisikie kitu. Tukamrudisha nyumbani. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, wanawake tukaanza kumwosha.

Mimi Bernadeta, ninayesoma hapa, ndiye niliyemmwagia maji. Yalikuwa ya kisimani, ya baridi. Nikaona malaika, vile vinywele vidogo vya mkono wake, zinasimama, kutoka kiganjani kupanda begani.

"Mama Levina," nikamwambia jirani yangu, "maiti anahisi baridi?"

Akatazama. Akaweka kata chini. "Kawaambie waache kuchimba."

Tukapata gari. Hospitalini alichomwa dawa, na mashine ikampumulia mpaka vidole vikaanza kucheza.

Daktari alitufafanulia. Ubongo hutoa amri, neva huibeba mpaka kwenye msuli. Neva na msuli havigusani. Kuna upenyo mdogo, na ujumbe huvushwa hapo kwa kemikali. Sumu ya swila huziba mlango wa upande wa msuli. Amri inafika, haifunguliwi. Hata pumzi ya Leonia ilibaki ndogo mno, sikio lisiweze kuisikia. Lakini neva zinazopeleka habari ubongoni, za masikio na za ngozi, sumu ile haizigusi. Na zile zinazosimamisha malaika hupita mlango mwingine. Panya na mtu wamejengwa hivyo hivyo, alisema. Ndiyo maana sumu ambayo nyoka huwindia panya inatuua sisi.

Leonia alipoweza kusema, alimtazama mumewe. "Nilisikia majembe," alisema. "Nikakusikia ukiwaambia wasinifunike uso mapema, kwa kuwa naogopa giza. Nilikuwa nakuitikia, baba Raymundi. Nilikuitikia sana."

Tangu hapo, mgeni rasmi, katika misiba yetu hakuna anayesema neno baya karibu na marehemu. Tunammwagia maji, tunamtazama mkono, tunasubiri.

CHANGAMOTO

Dawa ile bado haipatikani karibu nasi, na hospitali ni mbali.

Lakini linalotunyima usingizi ni jingine. Kabla ya Leonia, swila alimuuma mwenzetu Abbasi katika msitu huo huo. Kope zilishuka vile vile, akalegea vile vile. Tulimzika kabla ya magharibi, kama ilivyo desturi. Tulimzika vizuri. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiambiana.

Mjane wake, Mwanamkuu, huja kwa Leonia, huketi, na huuliza swali moja: "Ulisikia mpaka lini?" Leonia humshika mkono.

MAOMBI

Tunaomba dawa ya sumu ya nyoka iwekwe zahanati, na jokofu la kuitunzia. Tunaomba tufundishwe kumpulizia pumzi aliyelegea mpaka afike hospitali. Tunaomba aliyeumwa na nyoka asizikwe kabla hajapimwa na daktari.

Mwanamkuu ametuomba tuongeze ombi lake. Hataki kaburi lifukuliwe. Anaomba daktari mmoja aje nyumbani kwake, aketi, amwambie kwamba Abbasi alikuwa amekwisha kufa. Amesema hata kama daktari hana hakika, amwambie hivyo.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, na kila utakapoita, asikose mtu wa kukusikia.

Ni sisi,
Walina Asali wa Nguvumoja, Ipole.