Mzee Nzomo na Nyasi za Uwanja wa Kando ya Reli

Tarehe 30 Novemba 1994, Mzee Nzomo Mutie atakabidhi jembe na funguo za stoo baada ya kutunza uwanja wa timu yetu, Nyota ya Reli ya Sultan Hamud, kwa miaka thelathini na mmoja. Makocha wamekuja na kwenda. Yeye alibaki.

Wachezaji wengi wa leo hawakuuona uwanja wetu wa kwanza, ule wa kando ya reli. Mwaka 1963 palikuwa kichaka cha miiba, watu wa soko na wafanyakazi wa reli wakapafyeka kwa harambee. Uwanja uliinamia upande wa reli, kwa hivyo kipindi kimoja tulicheza kama watu wanaopanda kilima. Bao likiingia treni ikipita, dereva alipiga honi, hata kama waliofunga ni wageni. Madereva hao Mzee Nzomo hakuwasamehe.

Nyasi alizitoa kando ya mto, akazipanda mwenyewe. Wakati wa ukame wa 1984, maji yalipokuwa shida, aliamuru wachezaji waogee uwanjani, kila mmoja mahali palipokauka. Timu kutoka Emali ilipotufunga mabao manne, aliwapa wageni ndoo na kuwaonyesha kona iliyokuwa na hali mbaya kuliko zote.

"Mabao mmechukua," aliwaambia. "Maji tuachieni."

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na kipa wetu, marehemu mume wangu Kiilu. Kabla ya kila mechi Kiilu alichimba kwa kisigino katikati ya lango ili ajue mahali pake pa kusimama. Mzee Nzomo alipanda, Kiilu akachimba, na pale langoni pakabaki kipara miaka yote.

"Wewe Kiilu, ni kipa au ni fuko?"

"Mzee, mpira ukinipita, utalaumu nyasi?"

Mimi nilikuwa nikipika chai ya timu. Hao wawili walikunywa kutoka birika moja, bado wakibishana.

Kiilu alifariki mwaka 1987. Mvua iliyofuata, nyasi zikafunika kile kipara. Watu walimpongeza Mzee Nzomo. Aliitikia tu, akaenda zake.

Mwaka 1989 wenye ardhi walituambia kwamba kuanzia Jumatatu uwanja utakuwa soko la mbuzi. Uwanja mpya tuliopata ulikuwa vumbi tupu. Wiki hiyo Mzee Nzomo aling'oa nyasi zake mwenyewe, sisi tukazibeba kwa magunia yaliyoloweshwa, tukihofia zitakufa njiani. Zilishika. Ndizo mnazochezea leo.

Lakini zile za langoni hakuzipeleka huko. Jumapili, baada ya kanisa, alifika kwetu Matiliku na gunia begani. Alikwenda moja kwa moja hadi kaburini, akazipanda juu ya udongo uliokuwa mtupu, akazimwagilia maji.

"Haya, kipa," akasema. "Hizi usichimbe."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mzee Nzomo, timu nzima inasema asante. Mungu akupe mvua ya kutosha shambani, magoti yasiyouma, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa wasikanyage. Siku ukipita Matiliku, ingia unywe chai, kisha ukajionee. Nyasi zimefunika kote. Hajachimba.

Muthoki Kiilu, kwa niaba ya Nyota ya Reli