Mji Ulipopanda Kiamuiru

Sikilizeni, wanangu, na anayetaka kulia alie baadaye, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema tu. Kihara, wewe kifungua mimba wangu, keti hapo kitandani, miguuni pangu. Kagure, acha hayo masufuria, wamama wa kanisa watajipikia chai wakifika. Na baba yenu mdogo Ngatia aingie ndani, asisimame mlangoni kama mgeni, maana ninayotaka kusema yanamhusu.

Nasikia, Kihara, kuna mtu anakuja kukuona pale sokoni, anakuambia uza haraka, shamba limeshaingia mjini, baraza la mji litalichukua bure. Mwambie mama yako aliogopa hayo zamani, akaogopa mpaka akachoka, na sasa haogopi tena. Ngoja niwaeleze nilivyofika hapo.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, mlikuwa wadogo. Wewe Kagure ulikuwa bado mgongoni. Walikuja kwanza watu wenye vigingi, wakavipigilia hapa mgongoni mwa kilima bila kutuambia neno, na baada yao wakaja askari, nyumba zikachomwa, tukapakiwa kwenye lori na mbuzi wetu wakibaki wanalia, tukatupwa kule chini kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba. Baba yenu alikuwa kizuizini, na hakurudi. Ndugu yenu Muriithi alishikwa na homa humo kijijini, akafa mikononi mwangu, tukamzika kando ya handaki pamoja na watoto wa wenzetu, bila sanduku, bila msalaba, askari akituharakisha. Mnapajua mahali penyewe; ni pale penye nyasi, palipoangukia ndani ya shamba letu kijiji kilipovunjwa, ambapo sijawahi kukubali jembe lipite.

Basi miaka ikapita, Uhuru ukaja, shamba likapata hati, kahawa ikashika, nami nikaanza kulala kama watu. Halafu asubuhi moja, natoka kukama, naona vigingi. Vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepangwa kutoka barabara ya lami mpaka hapa kwetu. Sikuuliza mtu. Niliving'oa kimoja kimoja, nikavileta jikoni, nikavipikia githeri, mahindi na maharagwe.

Ngatia akaja mbio. Akaniambia, "Shemeji, umechoma vigingi vya baraza! Mji unapanuliwa. Unatuletea maji, unatuletea stima."

Nikamwambia, "Unatuletea lori. Mimi nimeshapanda hilo lori."

Watu wakaniambia ni yeye aliyemwendea diwani kuomba Kiamuiru iingizwe mjini, na nilipomuuliza hakuficha, alisema ndiyo. Tangu siku hiyo sikumsalimia. Tulipishana kwenye njia ya kanisa kama ng'ombe wa maboma mawili. Na nyinyi mlidhani mama yenu ana baridi ya miguu, kumbe nilikuwa nalala na viatu, nguo zenu zimefungwa kwenye shuka nyuma ya mlango, nikisikia gari tu linapanda kilima naketi.

Alipokuja yule mpima wa baraza, Philemon, kijana wa Maragoli, alikuja peke yake. Sikuona askari nyuma yake. Akasimama uani akavua kofia.

"Mama, nimeambiwa vigingi vyangu vimeivisha githeri."

"Vimeivisha vizuri sana."

"Basi nionjeshe, maana mimi ndiye niliyevibeba."

Nilicheka, wanangu, ingawa sikutaka. Akala, kisha akatandaza ramani yake hapo chini, akaweka mawe kwenye pembe, akanieleza polepole kama anayemweleza mama yake. Mji umejaa, watu wanashuka kila siku kutoka Othaya na Mweiga kutafuta kazi na shule, na baraza limeamua kusogeza mpaka kabla watu hawajajijengea ovyo ovyo. "Mpaka unaosogea ni wa mji," akasema. "Mpaka wa shamba lako hausogei. Hati inabaki yako. Hakuna anayekuhamisha." Nikamuuliza ile mistari miwili inayokwenda sambamba ni nini. Akasema ni barabara. Nikaiangalia inakopita, nikainuka, nikamshika mkono nikampeleka pale penye nyasi.

Sikumwambia mengi. Alichutama, akagusa nyasi kwa kiganja. Kisha akasema, "Mama, siwezi kukuahidi kitu, uamuzi ni wa baraza. Lakini kuna mkutano wa kusikiliza wananchi. Njoo useme mwenyewe."

Nilikwenda. Ukumbi ulijaa, madiwani wamekaa mbele na tai zao. Nilipoitwa niliinuka, na yote niliyoyapanga njiani yakanitoka. Nilitaja jina la Muriithi, nikataja tena, nikaketi. Watu wakaanza kunong'ona, na mwenyekiti akataka kumwita mwingine. Hapo ndipo Ngatia aliposimama. Huyu huyu mnayemwona. Akasema, "Mimi ndiye niliyeomba mji uje kwetu, na bado nauomba. Lakini barabara ikipita juu ya watoto wale, mimi sitaitembea. Ipitisheni kwangu. Ing'oeni kahawa yangu."

Hakuna aliyemtuma. Kahawa yake ilikuwa imeanza kuzaa vizuri, nanyi mnajua alivyoihangaikia. Baraza likapinda barabara ikapitia kwake, pale penye nyasi pakaandikwa uwanja wa wazi usiojengwa, na mpaka wa mji ukatupita juu ukaenda zake, nasi tukawa ndani. Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na yeye, na tulipofika kwake niliingia nikanywa chai.

Hata hivyo niliendelea kungojea lori. Kilichokuja ni bomba. Kilichofuata ni mwalimu wa nasari. Siku moja, maji yanatiririka kwenye ndoo, Kagure anaimba, nikagundua usiku uliopita nililala bila viatu, wala sikukumbuka nilivivua saa ngapi. Niliketi chini pale pale penye bomba. Wanangu, sijui niwaelezeje wepesi nilioupata. Ni kama kutua kuni baada ya kupanda kilima. Unatembea na mwili unataka kuruka.

Nipe maji kidogo, Kagure. Hivyo, yanatosha.

Sasa shikeni haya. Kihara, sehemu ya chini inayopakana na barabara ni yako. Jenga vyumba vya kupangisha ukitaka, lakini nenda kwanza barazani upate kibali, na yule mtu wa sokoni usimpe hata kipimo cha kiatu. Kagure, nyumba hii na ng'ombe na kahawa yote ya juu ni vyako, kwa jina lako wewe, uolewe au usiolewe, na ndugu yako amesikia. Kona ya migomba ni ya Ngatia na watoto wake. Usitikise kichwa, Ngatia. Chukua.

Msigombane na karani wa baraza juu ya mwili wangu, akikataa nizikwe shambani. Mji una makaburi yake, na sasa mimi ni mtu wa mji. Nilikwenda kuyaona. Pana hewa nzuri, na asubuhi mlima unaonekana mweupe. Nizikeni huko, mwimbe kidogo, mrudi nyumbani mapema, ng'ombe wakamwe.

Sogeeni. Karibu zaidi, macho yananipotea. Niwatemee mate ya baraka kifuani... wewe... na wewe. Ngatia naye. Muwe na maziwa. Muwe na watoto wanaolala. Mkono wangu hauinuki, Kihara, niinulie... hapo. Mungu wa baba yenu awape thaai, awape amani. Thaai... Mbona mnalia? Mimi sina kitu kinachoniuma. Kaeni hapa. Hapa ni kwenu. Thaai.