Fundi Ng'washi Aliyewahi Kunyoa

Marehemu Ng'washi Yakobo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 Mwamanyili, wa kwanza kati ya mabinti watatu. Mama yao alifariki mwaka 1996 kwa ugonjwa wa titi ambao nyumbani uliitwa jipu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Ng'washi ndiye aliyewalea wadogo zake, Nancy na Winnie.

Alimaliza darasa la saba Nyashimo mwaka 1994, akajifunza cherehani. Mwaka 2001 alifunga ndoa na Joakim Maige, wakahamia Bariadi, akawa fundi wa sare za shule. Kila sare aliiachia upindo mrefu. Mzazi akilalamika, alimjibu, "Mayu, mama yangu, mtoto atarefuka. Shati halirefuki."

Oktoba 2023 aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Alinyamaza mpaka msimu wa sare wa Januari upite. Alipofika hospitali Mwanza, ulikuwa umeshafika kwapani.

Aliandikiwa dozi sita za dawa ya saratani. Tangu ya kwanza alikuwa na ombi moja tu: wadogo zake wapimwe. Nancy alikwenda, akakutwa salama. Winnie alisema, "Dada, kwanza tukuuguze wewe." Marehemu akamjibu, "Hivyo hivyo nilisema mimi, ngoja sare ziishe."

Baada ya kila dozi alilala siku mbili. Chakula kilimpa ladha ya chuma, akaishi kwa uji wenye ndimu. Siku njema zikija, alishona. Vidole vilikufa ganzi. Siku moja aliona damu kwenye shati jeupe kabla hajahisi sindano. Alilifua, akaendelea. Nywele zilipoisha, na kwetu kipara ni dalili ya msiba, majirani walikuja kumpa pole: "Nani katutoka?" Alicheka. "Bado hajatoka. Nimewahi kunyoa tu." Hakuna aliyecheka naye.

Dozi sita alizimaliza, nasi tukashangilia mapema. Februari 2025 kilianza kikohozi. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Joakim.

Ameacha mume, watoto wanne, mjukuu mmoja na wadogo zake wawili.

Ninayosoma sasa hayamo katika karatasi mlizoshika. Mimi Winnie nina uvimbe titini tangu Desemba. Mume wangu analisikia hili kwa mara ya kwanza hapa, pamoja nanyi. Naogopa sana.

Pumzika kwa amani, dada. Jumatatu nakwenda kupimwa.